Nywele za Ukutani Pale 56

Miaka ya tisini, ukitaka watu wa Kawangware waamini saluni yako ni ya kisasa, ilibidi uchoreshe nyota wa majuu, ng'ambo huko, ukutani. Jina la saluni lilikuja baadaye. Kwanza sura. Na kwa sura, nasema bila haya, kutoka Kibera hadi steji ya matatu ya 56 hakukuwa na mkono kama wangu. Wale wanaume waliowachorea vinyozi walikuwa wakitoa watu wenye shingo za twiga. Mimi nikichora mtu, ukipita ulitaka kumsalimia.

Kabla ya hapo nilikuwa nimechora mabango tu, ya hoteli na ya mafundi viatu. Saluni ile ya 56 ndiyo iliyonipa ukuta mzima kwa mara ya kwanza. Mwenyewe alikuwa mama mmoja aliyetoka pande za ziwa, mcheshi lakini hataki mchezo na kazi. Alitaka mwimbaji fulani wa Marekani aliyekuwa akipigwa redioni kutwa. Picha yake nilikuwa nayo tayari. Niliipata Kisumu Ndogo, Kibera, nilikokuwa nikiishi, muuza omena, vile vidagaa vya ziwani, amenifungia nayo mboga. Nikaipangusa, nikaichora miraba kwa penseli kama tulivyofanya wachoraji, kila mraba mdogo wa karatasi ukawa mkubwa wa ukutani. Shida ilikuwa moja. Karatasi ilikuwa imechanika juu ya paji la uso, na dada wa watu hakuwa na nywele.

Nikambunia zangu. Mama yangu kule Kitui alisuka vyondo, vikapu vya mkonge, nami nilikua nikimsaidia. Basi nikampa nyota wetu matuta yanayoanza utosini na kuzunguka kichwa, mzunguko juu ya mzunguko, hadi masikioni, vile kiondo kinavyosukwa kutoka kitakoni. Nilipomaliza nilivuka barabara, nikautazama ukuta, nikajipigia makofi. Watu walinicheka. Wacha wacheke.

Haikupita siku nyingi akaja bi harusi. Alikuwa binti aliyefanya kazi za nyumbani kwa matajiri, na harusi yake ilikuwa kesho yake. Hakutaka kuonyeshwa mitindo. Alinyoosha kidole nje, ukutani, kwamba anataka ile. Mama saluni akasuka, akafumua, akasuka tena, na kila mara matuta yakamkwamia sikioni. Wateja waliokuwa wakingoja wakaanza kunong'ona kwamba hapa wanachora wasichoweza kusuka. Ndipo akatuma niitwe, maana nilikuwa palepale steji nikipaka rangi bango la duka la misumari.

"Wewe msanii, hiyo kichwa ulitoa wapi?" akaniuliza. "Sasa kuja uisuke. Ikikushinda, ukuta wote napaka chokaa, na hapa 56 hakuna mtu atakupa hata mlango uchore."

Aisee! Kichwa cha mtu sikuwa nimewahi kusuka. Bi harusi alikuwa kitini, nywele zimesimama, machozi yanamtoka, akisema afadhali anyolewe. Nilimwonea huruma, na ukuta wangu nikauonea huruma zaidi. Nikatoa rangi mikononi kwa mafuta ya taa, nikanawa kwa sabuni, nikamwambia dada atulie.

Mama saluni alikuwa ameanzia mbele, kama kila mtu anavyosuka. Mimi nikaanzia utosini, katikati kabisa, nikazunguka. Mizunguko ya kwanza ilinitoa jasho. Halafu vidole vikakumbuka vyondo vya mama, na nilipofika sikioni tuta likapita bila kukwama. Wateja walikuwa wamenizunguka. Hata mama saluni alikuwa amesogeza stuli, anatazama mikono yangu.

Bi harusi alijitazama kiooni. Akainuka na taulo lake mabegani, akatoka nje, sisi sote nyuma yake. Akasimama mbele ya yule nyota, akamtazama, akajipapasa kichwa, akamtazama tena.

"Huyu nimemshinda," akasema.

Mama saluni akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine. Kisha akaniletea mkebe wangu wa rangi.

"Toa huyo wa majuu," akasema. "Weka huyu wetu."

Nikamwomba bi harusi asisogee hata kidogo, nikachomoa penseli sikioni.