Aliyehesabu Pamoja na Bi Shamsiya

Bi Shamsiya alikuwa mpishi wa halua mjini Pangani, na halua yake ilifika mpaka Horohoro kwa watu wa mpakani. Miaka ishirini alisimama mbele ya sufuria la shaba, akikoroga kwa mwiko mrefu na kuonja. Kuonja ndiko kulikomponza. Alipotimiza miaka arobaini na saba alikuwa na kilo mia moja na nne, magoti yanamuuma, na akipanda ngazi tatu za baraza lake hushika kwanza mlango ndipo aweze kusema.

Yudith, muuguzi wa zahanati, alimpima presha, akaipima tena.

"Bi Shamsiya, dawa nitakupa. Lakini dawa peke yake haitakufikisha mbali. Mwili huu lazima uutoe jasho."

"Nikimbie barabarani, mwanangu? Watu waseme, mke wa Khalifa huyoo, buibui linapepea?"

Yudith akacheka, akamwandikia karatasi. Hakuhitaji chombo wala kiwanja. Uzito wake mwenyewe ungetosha. Achuchumae na kuinuka mara kumi na mbili. Asukume ukuta kwa mikono mara kumi. Alale kifudifudi, ajiinue kwa viwiko na vidole vya miguu, akae hivyo kadiri awezavyo. Apumzike, arudie. Wali apunguze, na halua amwachie mwingine aonje.

Nyumbani hapakuwa na faragha, wateja waliingia na kutoka. Ila mtaa wa pili palikuwa na ghala la marehemu babu yake, Bwana Muhanad, aliyemiliki minazi pande zote mbili za mto. Lilikuwa na kuta nene za mawe na chokaa, mlango mmoja, na kidirisha kimoja juu kabisa. Kwa miaka mingi halikuwekwa kitu. Akachukua ufunguo. Kila siku saa tatu asubuhi, halua ikiwa inapoa, aliingia, akashindilia komeo, akavua buibui, akabaki na dera na suruali ya mwanawe.

Wiki ya kwanza alilia. Mapaja yaliwaka moto hata kuketi kuswali ikawa kazi. Wiki ya pili ndipo alipoanza kusikia pumzi.

Alikuwa ameinuka, anahema. Kwenye kona yenye kiza, mtu mwingine naye akahema. Akadhani ni mwangwi, akabana pumzi zake. Zile za konani zikaendelea mara mbili, ndefu, za mtu aliyechoka sana, halafu zikakatika. Nje jua lilikuwa kali na watoto wa madrasa walisikika wakisoma. Ndani, malaika yalimsimama mwili mzima.

Kesho yake alirudi. Mwenyewe hajui kwa nini. Anasema alikuwa amepungua kilo mbili na hakutaka kuzirudisha. Akahesabu kwa sauti, ajipe moyo.

"Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili."

Akasimama, amemaliza.

"Kumi na tatu," ikasema sauti ya mwanamke.

Ilikuwa sauti ya chini, kavu, ya mtu asiyezungumza na yeyote. "Kumi na nne." Na Shamsiya, bila kutaka, akaona magoti yake yanajikunja. Akachuchumaa, akainuka. Kumi na tano. Kumi na sita. Ilipofika thelathini na moja miguu ikagoma, akaanguka, akatambaa mpaka mlangoni. Komeo lilikuwa baridi kama limetolewa kisimani.

Ng'ambo ya njia alikaa Mzee Kombo, muuza makaa, aliyefua nazi katika ghala lile akiwa kijana mdogo, zama za Bwana Muhanad.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona umekuwa hivyo, mwanangu? Umemsikia?"

Shamsiya akaketi chini palepale. "Nani?"

"Semeni. Alikuwa mfua nazi. Babu yako alitaka kila mtu afue mia mbili ndipo atoke, na nokoa, msimamizi wake, alitaka wahesabu kwa sauti. Inama, okota nazi, ipige kwenye kifuo, ule mti wenye ncha, inuka. Semeni alikuwa katoka kuugua homa, na nyumbani ana mtoto wa miezi saba. Akaomba aende akamnyonyeshe. Wakafunga mlango. Akaanguka hesabu haijatimia."

"Alifia humo?"

"Humo. Na sisi tukaendelea kufua."

Khalifa aliposimuliwa alitaka ghala lifungwe, waitwe masheikh wasome, yaishe. Shamsiya akamuuliza, "Na yule mtoto?"

Mtoto alikuwapo, na Mzee Kombo alijua anakokaa. Alikuwa Bi Hasina, mwanamke wa miaka sabini, anakaa Bweni upande wa pili wa mto na binti yake, Hafsa. Shamsiya akapanda pantoni, akaenda, akasimulia yote bila kuificha familia yake. Bi Hasina alisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaingia ndani. Hafsa ndiye aliyefuatana na Shamsiya kurudi Pangani.

"Nataka nimsikie bibi yangu," alisema.

Saa tatu ya siku ya pili wakaingia wawili, komeo likashindiliwa. Shamsiya akaanza. Alipofika kumi na mbili akanyamaza. Hafsa akamkazia macho kama mtu aliyefanyiwa mzaha.

"Kumi na tatu."

Hafsa akaenda pole pole mpaka konani. "Bibi, mimi ni wa Hasina. Mwanao alinyonyeshwa. Jirani alimnyonyesha, akakua, akanizaa mimi. Iweke chini nazi, bibi. Toka."

Kitu kizito kikatua sakafuni, na sakafu ilikuwa tupu. Kisha wakasikia nyayo za miguu mitupu zikielekea mlangoni, zikasimama. Hafsa akakimbia, akavuta komeo, akafungua mlango wazi. Shamsiya akahisi baridi ikimpita magotini, ikatoka juani.

Mlango ule ameung'oa. Alitaka kumpa Bi Hasina ghala lenyewe, akakataliwa. Sasa limo mbuzi wa jirani na upepo.

Mazoezi hakuacha. Siku za kazi huyafanya chumbani, nyuma ya pazia, anahesabu moyoni tu. Jumamosi huvuka kwenda Bweni, wakachuchumaa na kujiinua na Hafsa uani kwao mpaka madera yakalowa. Ameongeza kuruka kichura, mara sita, na akimaliza hucheka peke yake. Mwaka umepita, ana kilo themanini na moja, na Yudith amempunguzia vidonge.

Kila akifika uani humkuta Bi Hasina kwenye kibao chake, anapepeta mchele. "Shikamoo, mama," humwambia. Bi Hasina hutazama mto.