Jeshi la Haifa na Kituo cha Ami Twalib

Mtu akikwambia jeshi ndilo lililomnyoosha Haifa, usimkatalie upesi. Mwulize kwanza kama yeye mwenyewe amewahi kulala kwenye matope ya Surrey mwezi wa Januari, halafu akaamshwa na mwanamke mwenye sauti ya king'ora anayemwambia kitanda chake ni kiota cha kunguru. Haifa amelala huko. Mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, alikuja London kusoma uhasibu, uhasibu ukamchosha, akajiunga na jeshi la Waingereza kwa hiari yake na akili zake timamu. Akawaendeshea malori miaka mingi. Sasa anaendesha basi, Edgware Road kwenda na kurudi, na abiria akileta ufidhuli anamtazama kwenye kioo tu, mtu anatulia.

Ila ana mdomo mtamu, na hapo ndipo balaa ilipoanzia. Kila Idi, ndugu wakishashiba biriani, wanamtaka awahadithie habari za ukuruta. Naye bila hiyana anahadithia: mara kunguru, mara buti zilizopigwa rangi mpaka koplo akajiona meno. Watu wanacheka mpaka machozi. Hakujua kuwa katika kicheko kile wamo waliokuwa wakijichukulia somo lao wenyewe.

Jumapili moja baada ya Alasiri, mdogo wake Swabra akamwita kwake, ghorofa ya tatu nyuma ya maduka ya Waarabu. Alipofika alikuta kahawa, haluwa, na Ami Twalib, binamu wa marehemu baba yao, ameketi kwenye kiti kikubwa utadhani kodi ya nyumba analipa yeye. Pembeni alikaa mwanawe Munir, kijana wa miaka ishirini. Haifa alipoingia Munir alisimama wima, mikono ubavuni, macho mbele. Haifa akacheka, akamwambia, "Pumzika, askari." Munir hakucheka. Alikaa babake alipomwashiria, si kabla.

Swabra akafungua maneno. Kisa ni Lila, bintiye wa pekee, miaka kumi na sita. Shule anatoroka, amekutwa na sigara za umeme mkobani, nyumbani anarudi saa anazotaka mwenyewe, na ukimsemeza Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza cha kukata. Baba mtu alikwishakwenda zake zamani. Swabra anasafisha wodi za hospitali tangu alfajiri, na kila siku anarudi roho iko mkononi, hajui atamkuta mtoto au hatamkuta. "Nimechoka, dada," alisema. Na kweli alikuwa amechoka, hilo hatumnyimi.

Dawa alikuwa nayo Ami Twalib. Nyumbani Mombasa, nje ya mji, kuna kituo cha kurekebisha tabia. Munir alipoharibiwa na bangi alipelekwa huko, akakaa mwaka na zaidi, na sasa mwoneni: swala haimpiti, sauti hapandishi. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema Ami. Lila amekwisha kuambiwa kuna harusi Mombasa. Akishuka kwenye ndege, watu wa kituo watamchukua, yeye na pasipoti yake. Na kwa kuwa mtoto hamwamini mtu duniani ila khalati yake, basi Haifa ndiye atakayesafiri naye.

"Wewe si mgeni wa mambo haya," Ami alimwambia Haifa. "Wewe mwenyewe ulikunjwa, ukakunjika. Kile kituo ni jeshi tu. Amri, kuamka mapema, adabu. Tofauti iko wapi?"

Haifa akaweka kikombe chini. Hasira ilimpanda polepole kutoka miguuni, hasira ya mtu anayegundua kwamba vichekesho vyake vimefuliwa pingu.

"Nitakwambia iko wapi, ami. Mimi nilikwenda kwa miguu yangu. Hakuna aliyenihadaa kwa harusi."

"Mtoto hajui lenye heri naye."

"Sijamaliza. Kitanda cha kando yangu alilala msichana anaitwa Margaret. Wiki za mwanzo zikamshinda. Akalia, akalia, siku moja akaamka akasema basi, naenda kwetu. Unajua yule koplo wa kiota cha kunguru alimfanya nini? Alimshughulikia karatasi zake zikatiwa sahihi, akambebea begi mpaka getini, wakangoja teksi pamoja. Sisi tuliobaki sote tukaliona lile geti likifunguka. Ndiyo maana nikaweza kubaki. Ndiyo maana leo naweza kucheka."

"Kwa hiyo jeshi ni pepo?"

"Si pepo. Wamo walioumizwa mle, na wamo waliowaumiza wakaponyoka, najua mimi kuliko wewe. Lakini mkubwa akikupiga, iko sheria iliyoandikwa kuwa amekosa, na pako mahali pa kwenda kumsema. Kwenye kituo chako, mtoto akipigwa, anakwenda kumsema nani?"

Ami alitabasamu lile tabasamu la wenye kujua. "Adabu haina mashtaka, binti yangu."

Haifa akamgeukia Munir. Alimwuliza kwa upole, jambo ambalo kwa Haifa si la kila siku: "Munir, ulipokuwa kule, ungetaka kutoka ungetoka?"

Munir akamtazama babake. Babake akatazama kahawa. Kijana alipoona hakuna anayemkataza, akasema kwa sauti ya chini, "Niliuliza siku ya kurudi nyumbani ni lini. Nikatiwa mnyororo mguuni. Sikuuliza tena."

Swabra akaziba mdomo. Ami Twalib akakohoa. "Walinieleza," akasema. "Ni hatua ya mwanzo tu. Wenyewe wanaijua kazi yao."

Walimweleza. Alijua. Alijua, na bado amekuja na haluwa kutafuta mtoto mwingine wa kupeleka. Haifa alisikia masikio yanamwaka moto.

"Samaki hukunjwa akiwa amekwisha kufa, ami," alisema. "Mbichi, sawa. Lakini maiti."

"Haifa, chunga ulimi."

"Nimeuchunga tangu nilipoingia. Swabra, umesikia mnyororo?"

Swabra alikuwa analia. "Lila si mkaidi kama Munir, hatafika kwenye mnyororo. Nifanye nini mimi? Nimngoje aletwe na polisi, au asiletwe kabisa? Wewe huna mtoto, dada. Kwako ni rahisi kusema."

Neno lile lilimchoma, na Swabra alijua litamchoma. Haifa akalimeza. "Sina," akasema. "Nawe unaye mmoja."

Ami Twalib akaona maneno yanamponyoka, akainua mikono. "Tusome Fatiha, tulifunge jambo." Kwetu Fatiha ikishasomwa juu ya shauri, shauri limefungwa, na atakayelivunja amewavunjia wazee heshima. Swabra akainua mikono huku machozi yanamdondoka. Munir naye akainua. Haifa akainuka na mwili mzima, mikono akaiacha chini, na badala ya kushika njia ya nje akashika njia ya ndani, kuelekea chumba cha Lila.

Swabra akamkimbilia kwenye ujia, akamshika mkono wa koti. "Ukimwambia, dada, usikanyage tena kwangu. Wallahi usikanyage."

Hawa ni wawili tu waliobaki katika tumbo lao. Haifa alimtazama mdogo wake, akautoa ule mkono kidole kimoja kimoja, akabisha mlango.

Lila alikuwa kitandani na simu yake. Sanduku lilikuwa wazi sakafuni: gauni la kwendea harusini, viatu vya kisigino, kanga mpya mbili.

"Hakuna harusi," Haifa akasema. Hakujali kwamba Swabra alikuwa nyuma yake. "Kuna kituo, na wakishakufungia, ufunguo wanakaa nao wao. Nimetakiwa nikupeleke. Sikupeleki."

Lila hakushtuka. Aliiweka simu chini, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akajibu kwa Kiswahili, kile chake cha kukwaruza, akilitafuta kila neno.

"Najua, khalati. Munir aliniambia zamani." Akamtazama mamake, akarudisha macho kwa Haifa. "Nilikuwa nangoja nione kama na wewe utanidanganya. Ungenidanganya, ningekwenda tu. Ningebaki na nani?"