Tanuru la Chapwa Limegeuka Fremu za Maduka

Mfinyanzi wa mtaa wetu wa Chapwa amefariki, na leo sina maneno laini. Aliyenipigia simu alisema, "Yule fundi wa vyungu vya Kijapani hatunaye tena." Hata alipokufa watu wakamfanya mgeni, kana kwamba hakuzaliwa Ibaba ya Ileje, kwa mama mfinyanzi! Ujanani alikwenda Japani kujifunza kwa mzee mmoja wa milimani. Wenzake walimtegemea arudi na gari. Yeye alirudi na ujuzi wa kujenga tanuru refu lipandalo mteremko, lichomwalo kwa kuni mpaka jivu liruke, liyeyuke juu ya udongo na kuganda kama kioo. Alilijenga pamoja na binti yake wa pekee, sasa mama mtu mzima, na sote tulimsikia akisema kwamba tanuru lile ni la binti.

Nilikuwapo siku mama mmoja mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka alipotaka vikombe vya nyumba yake ya wageni. Akakigeuza kimoja huku na huku. "Awe, hapana, fundi! Kimepinda, hakina mkono, na jivu limekichuruzikia. Nitengenezee vinavyofanana, vyenye maua." Fundi akamjibu, "Mama, maua nimemwachia Mungu. Hiki unakishika kwa viganja viwili. Kikikuunguza mikono, jua chai hiyo itakuunguza na ulimi." Mama akacheka kweli kweli, kisha akaenda kununua vya plastiki duka la pili. Marehemu alikuwa mkaidi, nisimpambe. Chombo kisichomridhisha alikivunja palepale, kama alivyofundishwa kule, na mtaa mzima ukaamua kwamba Wajapani wamemharibu akili.

Msibani tulinyweshwa chai kwenye vikombe vya plastiki, na rafu za marehemu zimejaa vya udongo. Shangazi yake aliteremka kutoka Ileje, akachagua mabakuli mazuri kuliko yote, akayatoboa matako na kuyapanga juu ya kaburi, kama wazee walivyofanya zamani. Shangazi simlaumu hata kidogo. Yeye peke yake alimpa heshima aliyoijua. Wanaonichoma ni wale wadogo zake marehemu, mashemasi wenye suti, waliokaa kikao kabla matanga hayajaanuliwa wakakubaliana kwamba kiwanja kiko barabarani na tanuru linaziba nafasi ya fremu.

Binti alisimama mbele yao. "Baba wadogo, mimi ninajua kulichoma. Niachieni nifanye kazi." Mkubwa wao akamjibu kwa upole uliozidi tusi: "Mwanangu, usihofu, baba yako hatutamsahau. Fremu zote tutaziita kwa jina lake." Watu wakapiga makofi. Jamani, makofi! Wiki hiyohiyo nyundo zikaingia, na matofali yaliyozoea moto mkali kuliko wowote hapa mjini yakawa msingi wa duka la vocha.

Nimeyaandika haya kwa hasira na sitayapunguza. Tunasema ufundi wetu unakufa kwa sababu vijana hawautaki, nasi ndio tunaobomoa tanuru mbele ya macho ya anayeutaka. Ukimpenda fundi, mwachie mwanawe mahali pa kuwashia moto. Jina kwenye bango la duka halifinyangi hata kikombe kimoja.