Rebeka wa Ukoo wa Simwinga

Nikipita Mlowo msimu wa kununua kahawa, magunia yamepangwa mpaka karibu na lami, wenzangu husikia harufu ya kahawa. Mimi nasikia harufu ya kitabu. Ni harufu kavu, tamu kidogo, yenye vumbi la kuwasha puani, nami hujikuta nimenyamaza katikati ya maneno. Usinicheke, msomaji. Kitabu chenyewe nilikishika siku moja tu, nikiwa na miaka kumi, na siku hiyo nilimkosea bibi yangu kosa ambalo sikulijua kwa miaka karibu thelathini.

Bibi, mama yake baba, alilelewa na shangazi yake huko Mbozi. Kuhusu mama yake mzazi, shangazi alikuwa na kauli moja tu: alikulaza kwenye mkeka, akavuka mpaka na mfanyabiashara. Basi. Hakukuwa na picha wala kaburi. Lilibaki jina, Rebeka, wa ukoo wa akina Simwinga.

Tuliishi Tunduma, na Bibi alikuwa na mahali pake pa kukaa, kwenye kijia walikopita akina mama kutoka Nakonde na vitenge vyao. Kila kikongwe aliyepita, Bibi alimwamkia, "Mwapoleni!" kisha akamtazama usoni, akamtazama tena, hata mwingine akajishika shavu akidhani ana uchafu. Mimi nilidhani anapenda soga tu. Nilikaa pembeni yake nikila mihogo, jua likituchoma polepole, naye akitazama nyuso.

Halafu akasikia kwamba misheni ya kule Mbozi kuna kitabu cha waumini wa zamani, na mbele ya kila jina imeandikwa mtu huyo aliishia wapi: amehama, kaenda mahali fulani, amefariki. Bibi hakulala vizuri wiki nzima. Alitaka kujua mama yake alihamia wapi, ili kama bado yu hai amfuate, amuulize kwa nini alimwacha. Yeye hakujua kusoma, kwa hiyo likizo ya mwezi wa sita ilipofika akanichukua mimi.

Nakumbuka baridi ya asubuhi ile. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mibuni, tukawa tunatembea kama watu waliosahauliwa na dunia, kengele ya kanisa tunaisikia lakini kanisa lenyewe hatulioni. Mzee wa kanisa akatufungulia stoo. Vitabu vilikuwa juu ya rafu, chini kumejaa magunia ya kahawa, akakifungua kimoja juu ya gunia kana kwamba anatandika meza.

"Binti anajua kusoma kweli?" akauliza.

"Huyu?" Bibi akacheka. "Huyu anasoma mpaka gazeti lililofungia maandazi!"

Nikavimba kichwa. Bibi akakaa juu ya gunia, akapanga mikono mapajani, akasema, "Haya, mke mwenzangu, soma nisikie."

Sasa, mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa ametufundisha kusoma kimoyomoyo. Aliyetikisa midomo alichapwa, aliyesoma kimya alisifiwa. Nikamwambia Bibi, tena kwa madaha, "Bibi, siku hizi hatusomi kwa kelele. Tunasoma kimoyomoyo."

"Ee, makubwa," akasema Bibi, akanyamaza kwa heshima.

Nikasoma. Wino ulikuwa wa rangi ya chai, herufi zimelala upande mmoja, na majina yalipita mbele yangu kimya, mamia ya watu, mpaka nikahisi usingizi. Nilikuwa natafuta Rebeka Simwinga. Akina Rebeka walikuwepo. Rebeka Namwinga nilimwona, naapa nilimwona. Kidole kilisimama juu yake, nikasema moyoni, huyu siye, nikapita.

"Hayupo," nikasema, nikafunga kitabu.

"Hata wa kufanana?"

"Hata wa kufanana, Bibi."

Akanishika kichwa, akanishukuru. Lakini tangu siku ile hakwenda tena kukaa kwenye kile kijia. Mara moja tu, akipepeta mchele, nilimsikia akijisemea, "Mwanamke yule hata kuandikwa hakutaka." Sauti yake ilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Miaka ikaenda. Leo nafanya kazi ya kupokea fomu katika ofisi moja Vwawa. Mwaka huu akaja mama mmoja wa makamo kurekebisha cheti chake. Baba ameandikwa Simkonda, yeye ameandikwa Namkonda. Nikamwambia, "Mama, hapa kuna makosa, majina hayalingani." Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, wewe ni wa wapi? Mwanamume ni Si, mwanamke ni Na. Ukoo ule ule. Mimi ni mtoto wa kike, ningeitwaje Simkonda?"

Nikacheka naye. Kisha nikaweka kalamu chini: Rebeka Namwinga. Sisi watoto wa shule za mjini tuliandikwa wote kwa Si, wavulana kwa wasichana, na hakuna aliyetueleza lolote. Kama ningesoma kwa sauti siku ile, Bibi angeruka kutoka kwenye gunia.

Vitabu vile sasa vimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Nilivifungua mchana huo huo kwenye simu, nikipitisha ukurasa baada ya ukurasa, na alipotokea nililia palepale kaunta, sikuona aibu.

Jumamosi nikaenda Tunduma. Bibi sasa haoni vizuri, lakini masikio yake ni mazima. Nikamsomea: "Rebeka Namwinga. Amefariki kwa homa siku ya tisa baada ya kujifungua. Ameacha mtoto wa kike. Amezikwa hapa misheni. Umri kama miaka kumi na saba."

"Kwa hiyo hakuvuka?"

"Hakuvuka, Bibi. Na siku ile nilimwona, nikampita. Nisamehe."

Sijui kwa nini shangazi alidanganya. Labda hakutaka mtoto akue akijua kwamba kuzaliwa kwake ndiko kulikomwondoa mama yake. Kosa langu halina hata sababu hiyo. Nilitaka kuonekana msomi. Bibi yeye alikuwa bado anawaza ule umri.

"Umesema miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mtoto," akasema. "Mtoto mdogo vile, na mimi maisha yangu yote namgombeza."