Mwafaka wa Pilau

Majina siyaandiki, ila wenyewe wanajijua: mwenye duara, yaani shimo la dhahabu tunamofanya kazi, katibu wa kikundi chetu, na mtafiti aliyezipokea karatasi za majibu yetu bila kuuliza zimejazwaje.

Mtafiti alikuja Kharumwa kabla ya masika. Alitutafuta sisi mafundi wa matimba, yale magogo yanayozuia kuta za shimo la dhahabu zisibomoke. Alitaka kujua mvua zikianza, duara lifungwe wakati gani. Njia yake ilikuwa nzuri, hilo simnyimi. Kila fundi ajibu maswali peke yake, bila jina. Kisha anayakusanya majibu, anaturudishia bila kusema nani kasema nini, na kila mtu anafikiri upya, peke yake tena. Hivyo mkubwa hamtishi mdogo.

Mzunguko wa kwanza karibu sote tulisema: udongo ukianza kutoa jasho nyuma ya gogo, watu watoke, duara lifungwe mpaka kiangazi.

Mzunguko wa pili akamwachia katibu. Katibu akatuita nyumbani kwa mwenye duara, tukalishwa pilau la mbuzi. Kwetu ukishakula kwa mtu, humpingi ukiwa bado umekalia kiti chake. Katibu akasoma maswali kwa sauti, mwenye duara akajibu wa kwanza.

"Jasho tu hilo. Hata mimi natoka jasho, mbona sijabomoka?"

Watu wakacheka, mikono ikaenda juu kumkubalia. Wangu ulibaki chini.

"Fundi, pilau halikukolea?" katibu akaniuliza.

"Limekolea. Udongo ndio umelowa."

"Andika wote," mwenye duara akamwambia.

Duara likabaki wazi, na sisi tukaendelea kushuka, maana nyumbani wanataka kula. Lilibomoka mvua zilipokolea, nikiwa chini na shemeji yangu tunakaza gogo lililolegea. Mimi walinifukua nikiwa hai. Yeye walimfukua wakaenda kumzika.

Mtafiti alinikuta hospitali, Geita, nyonga imevunjika. Akasema pole, halafu akasema ripoti iko tayari: mafundi wamefikia mwafaka, duara lisifungwe.

"Ufute mzunguko wa pili," nikamwambia.

"Baba, majibu hayafutwi."

"Basi andika chini yake tulijibia kwa nani, na nani alijibu wa kwanza."

Nikamkamata mkono wake wa kalamu, sikuuachia mpaka alipoanza kuandika. Alipomaliza nikamwambia anisomee. Akasoma kwa kunong'ona, anaangalia mlango.

Nikamwambia apaze sauti.