Negativu Pekee ya Mama

Karani mstaafu alikuwa ameifuta meza ya chakula mara tatu, na bado aliiona ina vumbi. Leo haikuwa siku ya mchezo. Juu ya kitambaa cheupe ilikaa negativu, filamu pekee iliyobaki ya picha ya mama yao. Picha yenyewe ya karatasi iliozeshwa na paa lililovuja zamani. Mdogo wake wa mwisho, Mziwanda, alikuwa na miaka hamsini na moja na hajawahi kuuona uso wa mama, aliyefariki wiki moja baada ya kumzaa. Karani alimwahidi picha. Sasa negativu imegandana na mfuko wake wa plastiki.

"Dada, vipi?" Ujumbe wa nne wa Mziwanda tangu asubuhi.

"Subiri," akajibu. Akivuta kwa nguvu, sura ya mama itabaki kwenye plastiki, na ndiyo basi tena. Akailoweka kwenye maji safi, kama bandeji iliyoshika kidonda, akaikalia mikono yake ili isimponze. Nusu saa nzima. Ilipojiachia yenyewe, akaianika.

Ilipokauka akailaza kwenye skana, upande wenye picha ukitazama kioo, vilevile alivyotoa kopi ofisini miaka thelathini: uso chini. Akabonyeza. Skana ikageuza weusi kuwa weupe, akatokea mwanamke mwenye kovu juu ya jicho la kulia. Akaituma kwenye kundi la familia.

Mama mdogo, mdogo wake marehemu, hakuchelewa kutuma sauti yake. "Huyo siyo dada yangu. Kovu lake lilikuwa jicho la kushoto. Nitasahau vipi, na kopo nilimrushia mimi? Huyo umemwokota wapi?"

"Sasa huyu ni nani?" akaandika Mziwanda.

Karani alikuwa na miaka saba tu mama alipofariki. Isije ikawa siku zote hizi anamkumbuka mama wa watu. Akaikodolea macho picha, akauacha uso, akatazama ukuta wa nyuma. Palikuwa na kalenda, na namba zake zote zimegeuka kinyumenyume.

"Mjinga mimi," akasema peke yake. Negativu si barua ya ofisi. Upande ule ulitakiwa utazame juu. Akaigeuza, akabonyeza, akatuma tena.

"Haya. Huyo ndiye dada," alisema mama mdogo.

Karani akasubiri neno la Mziwanda, akaanza kujilaumu kwamba amemtonesha bure. Hatimaye simu ikaita.

"Dada," alisema Mziwanda, "umeona mkono wake ulipo?"

Akatazama. Kwa kuhangaikia kovu, tumbo hakuliangalia kabisa. Lilikuwa kubwa, la mimba iliyokaribia siku zake, na mama alikuwa amelishika; kalenda nyuma yake ilikuwa ya mwezi aliozaliwa Mziwanda.

"Na mimi nimo," alisema Mziwanda. "Tulipigwa picha wote wawili."