Mwenye Kushika Kalamu

Kwa miaka tisa Domitille Mukabera aliandika maneno ya watu wote wa ofisi yetu isipokuwa yake. Sisi ni shirika dogo la maji hapa Uvira, tunasimamia robine kumi na moja za mitaani, yale mabomba ya kuchotea maji. Mimi naitwa Candide, na kazi yangu ni kuzunguka kwa akina mama nikiwaeleza mambo wanayoyajua tayari. Domitille ni sekretari. Miwani yake ina mkono mmoja, wa pili ni uzi. Katika mkutano hukaa pembeni mwa meza, kaye, yaani daftari, imefunguliwa, kalamu mkononi, mdomo umefungwa.

Mdomo ulifungwa kwa sheria. Sekretari aliyemtangulia alikuwa bwana mmoja aliyeandika na kubishana kwa wakati mmoja, na ripoti zake za mkutano zilionyesha kwamba yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili. Wakubwa wakachoka, wakaweka kanuni: mwenye kushika kalamu hasemi. Yule bwana akaacha kazi kwa hasira. Domitille akapewa kalamu, na kanuni akapewa pamoja nayo, ingawa ugomvi haukuwa wake.

Mwaka jana Domitille alipata neno la kusema. Binti yake Noella alikuwa anamaliza sekondari. Nyumbani kwao Rugenge maji ya robine hutoka asubuhi tu, na robine ilikuwa ikifunguliwa saa moja. Geti la shule hufungwa saa moja na nusu. Ziwa liko karibu, lakini mtu aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa kipindupindu hachoti maji ya ziwa ili awahi darasani. Domitille mwenyewe hufungua ofisi saa moja kamili na mgongo wake haubebi bidoni ya maji. Kwa hiyo Noella alipanga foleni, akabeba, akakimbia, na siku nyingine akakuta geti limefungwa. Mwezi wa pili prefe, mkuu wa shule, aliandika barua: akichelewa mara tatu zaidi, jina lake halitakuwa kwenye orodha ya watahiniwa wa mtihani wa serikali.

Domitille alinionyesha barua hiyo. Nikamwambia, nitakusemea. Mkutano uliofuata nikasema robine ya Rugenge ifunguliwe mapema. Firmin, fundi wetu, akajibu bila kuinua kichwa, "Ile saa moja iko na sababu ya technique." Mimi sijui lolote juu ya ufundi wa mabomba, nikanyamaza. Domitille aliandika nilichosema, akaandika alichosema Firmin, kisha akaandika kwamba tumeendelea na jambo lingine. Niliona aibu, na sikumwangalia mpaka tulipotoka.

Wiki iliyofuata kordonateri wetu, Ildephonse, ambaye ndiye mkubwa wa ofisi, alirudi kutoka semina ya siku tatu Bukavu. Alirudi na begi la kitambaa, kofia, na maneno mapya. Alituambia kwamba mawazo ya timu ni mali, na kwamba mali yetu inaozea kwenye makaye. Huko duniani timu zina programu za simu za kuandikia na kutunza mawazo. Alikuwa ameandikiwa majina ya tatu.

"Mama Domitille," akasema, "weye utatulinganishia hizi application. Wiki mbili. Utafanya rapport, tutachagua moya."

Domitille akaandika kwamba Domitille amepewa kazi.

Nimeshaona watu wengi wakipewa kazi za kipuuzi, lakini sijaona mtu mwingine anayezifanya kwa uangalifu kama ule. Alichora jedwali kwa rula. Programu zile hakuziita kwa majina yao, aliziita kwa rangi: ya njano, ya bluu na ya zambarau. Akaongeza safu ya nne na kuiita Kaye, kwa sababu, alisema, mashindano ambayo bingwa haitwi si mashindano.

Ya njano ilikuwa nzuri kwa kukumbusha. Ilimkumbusha Firmin wazo lake la kuchimba choo cha ofisi, na ilimkumbusha Jumapili, kanisani, wakati mchungaji amewaomba watu wanyamaze mbele za Mungu. Domitille akaandika: "Inakumbusha. Haichagui mahali." Ya zambarau ilifanya kazi hata mtandao ukikatika, na ilimruhusu kila mtu kuweka alama ya moyo, ya kupenda wazo la mwenzake. Wazo la choo likapata mioyo mitatu. Kwenye swali la kama inaweza kuloa, programu zote zilipata "hapana", na Kaye ikapata "ndiyo". Mwaka wa mafuriko ya mto Mulongwe kaye zake ziliingia maji, akazianika juu ya bati karibu na ndagala za jirani. Kaye ya nne inanuka samaki mpaka leo, na Domitille aliliandika hilo pia, maana hakutaka kuonekana anapendelea.

Ili kuzijaribu sawasawa, alihitaji mawazo ya kuweka ndani. Akafungua kaye zote tangu ya kwanza na kuanza kunakili kila wazo ambalo mtu aliwahi kutoa, hata la wale waliokwisha kuondoka. Alikaa siku nne. Siku ya tatu nilimwona amesimamisha kidole katikati ya ukurasa wa kaye ya kwanza. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Hakuna kitu," akaweka kipande cha karatasi pale, akaendelea.

Ilibaki ya bluu, ambayo Ildephonse aliipenda kwa sababu ndiyo iliyosifiwa semina. Hii ilitaka kila mtu ajiandikishe kwa anwani yake ya barua pepe. Firmin alikuwa nayo lakini alisahau neno la siri. Mimi yangu ilifunguliwa na shemeji yangu ambaye sasa yuko Lubumbashi. Aliyekumbuka neno lake la siri alikuwa Ildephonse peke yake. Basi tukafanya kama tunavyofanya siku zote na kitu cha ofisi: tukakifungua kwa jina la mkubwa. Tablet ya ofisi ikatolewa kwenye kabati, mkubwa akaingiza neno lake, sisi tukapanga mstari, mmoja mmoja tukaandika mawazo yetu. Domitille aliingia wa mwisho, na yale ya kwenye kaye. Yote yakawa thelathini na nane.

Siku ya kuchagua tulikaa mezani. Umeme ulikuwa umeondoka tangu asubuhi, kwa hiyo mashine ya kuonyesha picha ukutani ilikaa tu kama mgeni aliyekuja siku isiyo yake. Ildephonse akashika tablet, chaji asilimia kumi na moja, akaanza kusoma. Chini ya kila wazo palikuwa na jina la mwenye wazo. Wazo la kwanza, Ildephonse. La pili, Ildephonse. Choo cha ofisi, Ildephonse. Kufikia la ishirini alikuwa amekaa wima zaidi.

"Minye sikujua kama niko na mawazo mingi hivi," akasema.

Hakuna aliyemsahihisha. Si woga. Asilimia zilikuwa zimebaki saba na tulitaka amalize.

Akafika la mwisho. "Thelathini na nane. Robine ya Rugenge ifunguliwe saa kumi na moja na nusu." Akatazama jina lililokuwa chini. "Hii pia yangu. Niliandika lini?"

Nilimwangalia Domitille. Alikuwa anaandika. Kanuni ilisema mwenye kalamu hasemi, haikusema asiandike.

Firmin akakohoa. "Coordo, ile saa moja iko na sababu ya technique."

"Sababu gani?"

"Ya technique."

Ildephonse akarudi kwenye wazo lake kutafuta jinsi ya kulitetea. Akaligusa, akalifungua, akalifunga. Programu ilijua siku na saa ya kila wazo, lakini kwa nini mtu aliliwaza haikujua, na yeye ndiye hakujua kabisa.

"Kama iko technique, tuache," akasema mwishoni. "Minye mwenyewe naondoa wazo langu. Mukubwa naye anaweza kukosea."

Firmin akamsifu kwa unyenyekevu. Kidole cha Ildephonse kikaenda mahali pa kufuta. Nilijua Noella ameshachelewa mara mbili kati ya zile tatu, na kesho ilikuwa siku ya shule.

Hapo Domitille akasimama. Akaizunguka meza, kaye kwapani, akafika mbele ya mkubwa, akampa kalamu kwa mikono miwili, magoti yamekunjwa kidogo, kama anavyopewa mtu wa heshima. Kwetu kitu ukipewa namna hiyo unapokea kwanza, maswali baadaye. Ildephonse akapokea. Domitille akafungua kaye kwenye ukurasa mpya na kuiweka mbele yake, juu ya tablet.

"Papa Coordo, utanisaidia kuandika," akasema.

Ildephonse akafungua mdomo. Nami nikaona Mungu amenipa nafasi ya kuifuta ile aibu yangu, nikasema, "Coordo, mwenye kushika kalamu hasemi. Iko kanuni."

Akafunga mdomo.

"Minye niko na neno moja," akasema Domitille. Sauti yake ilikuwa ndogo mwanzoni, akakohoa, ikakaa sawa. Akafungua kaye ya kwanza pale penye kipande cha karatasi, akasoma: "Robine ya Rugenge itafunguliwa saa moja, kwa sababu Papa Protais anatoka Kilibula kwa miguu." Akainua macho. "Niliandika minye, mwaka wa kwanza, na nilisahau. Papa Protais njo alikuwa anafunguaka robine, na Kilibula ni mbali. Aliacha kazi, sasa miaka ine. Leo anayefungua ni Olga, na mulango yake iko hatua kumi na robine. Nilimuuliza. Anasema kila asubuhi anakaa pale na funguo mukononi, anangojea saa moja ifike. Maji iko imejaa kwenye tanki tangu saa kumi. Mutoto wangu iko kwenye foleni, na wa wengine pia. Akichelewa tena mara moja tu, hatafanya examen. Firmin, technique ni gani?"

Firmin alifikiri. Ni fundi mwaminifu, nampa haki yake. Alipoingia kazini aliikuta saa moja, akaamini aliyeiweka alikuwa na hesabu zake.

"Njo hiyo," akasema. "Ni miguu ya Papa Protais."

Tulipiga kura kwa mikono. Ildephonse alipiga kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa unaandika. Mkutano ulikwisha kabla ya saa sita, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na tablet ilizimika peke yake bila mtu kuona.

Ripoti ya Domitille ilikuwa ya kurasa sita. Ilipendekeza ya zambarau, kwa kuwa haitegemei mtandao, kwa sharti kwamba kila mtu aingie kwa jina lake, na kwamba sababu za mambo ziendelee kuandikwa kwenye kaye. Ildephonse aliikubali yote. Tunaitumia mpaka leo. Choo kina mioyo mitano na bado hakijachimbwa.

Olga alifungua robine saa kumi na moja na nusu kesho yake. Noella alilalamika kwa mama yake kwamba amefika shuleni mapema mno, hata mwenye funguo za geti hajafika. Wiki tatu baadaye orodha ya watahiniwa ilibandikwa ukutani, na jina lake lilikuwemo.

Mkutano uliofuata ulianza kama kawaida: sekretari anasoma ripoti ya mkutano uliopita, sisi tunapitisha. Domitille alisoma kurasa zake vizuri mpaka akafika ule ulioandikwa kwa mwandiko mwingine, wa Ildephonse, mkubwa, wenye mistari inayopanda mlima. Akasita kusoma. Akaivua miwani, akaupangusa uzi, ambao haukuwa na kosa lolote, akaivaa tena.

"Domitille Mukabera alisema," akasoma, na hapo sauti ikakatika.

Ildephonse akauliza kama kuna mwenye haraka. Hatukuwa na haraka. Tukangoja mpaka akasoma yote.